Njia Nisiyoichora

Karen
Alhamisi, 5 Oktoba 1972

Kwa Bwana Mungai,

Sikujui nawe hunijui, kwa hiyo sitaanza kwa kuulizia hali ya watu wenu mmoja mmoja. Mwalimu Rael ameniambia wewe ni mpiga chapa wa darasa la Jumamosi. Mimi ni mtarizi wa darasa la Alhamisi, na ametufunga pamoja kama ng'ombe wa jembe mpaka siku ya maonyesho. Wewe utachonga na kupiga chapa kwenye kitambaa, mimi nitatarizi juu ya chapa yako. Vitambaa viwili, kimoja cha kwenu na kimoja cha kwetu, kwa sababu maonyesho yenyewe yanaitwa "Nyumbani". Tuachiane barua na vifurushi katika kabati la ukumbi wa kanisa huko Ngara, rafu ya chini. Rafu ya juu ni ya vikombe vya akina mama wa kanisa, na hao hawana mchezo.

Mimi naitwa Peres. Niko kwa Wazungu huku Karen, nawashonea mapazia na kumlea mtoto wao. Alhamisi mchana ndiyo yangu, siku nyingine zote ni zao, ila dereva wao hupita Ngara kila Ijumaa na hunibebea barua.

Humu ndani kuna mchoro wa boma letu, Yala. Huku juu ni nyumba ya Mama, chini ni lango, na karibu na lango ni simba mbili za kaka zangu, Odero na Haron. Nimekuchorea kwa namna itakayokurahisishia kazi. Ninachokuomba ni usibadilishe kitu. Kwetu mahali nyumba iliposimama ndipo panaposema nani ni nani.

Afadhali nikwambie mapema kwa nini nakusumbua. Baba yangu, Mzee Zedekiah Were, alikuwa mtu wa reli na sasa amestaafu. Ameniandikia kwamba kushona maua si kazi, na Krismasi hii nirudi nyumbani nikae. Mwisho wa Novemba anakuja Nairobi kuonyesha macho yake kwa daktari, na amekubali kupita kwenye maonyesho kabla hajanichukua. Akiona kazi, nabaki. Asipoiona, napanda naye treni, maana mimi si mtu wa kumgomea baba yangu. Sitaki kuondoka, Bwana Mungai. Nimeupenda mji huu na nimeipenda sindano yangu. Basi chonga vizuri.

Wako katika kazi,
Peres Were


Ngara
Jumamosi, 7 Oktoba 1972

Dada Peres,

Niliposoma kwamba kaka zako wana simba mbili langoni niliiweka barua chini kidogo. Mwalimu Rael amenieleza ni nyumba za vijana. Nimeshukuru, kwa sababu nilishaanza kufikiria jinsi ya kuchonga manyoya ya shingoni.

Nimekuelewa kuhusu mzee. Mimi nafanya kazi katika kiwanda kidogo cha chapa hapa mjini, tunapiga kadi za arusi na matangazo ya dansi, na mjomba wangu hadi leo huuliza nitapata kazi lini. Nitachonga vizuri.

Kwetu ni Kinoo. Naishi huko na mama yangu, Nyakio, na kila asubuhi nashuka mjini. Lakini sitachonga nyumba tunayolala sasa. Nilikuwa na miaka kumi wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipotuhamishia katika kijiji chenye ulinzi na nyumba yetu ikabomolewa. Tuliporudi tulijenga ya mabati, nzuri tu, haivuji. Nitakayoichonga ni ile ya kwanza, ya nyasi, na ghala la Mama pembeni. Picha yake hatuna. Ninachoshindwa kukumbuka namwuliza Mama, na Mama akishindwa anatunga.

Swali moja. Katika mchoro wako kuna nyumba ya mama, ya kaka mmoja, ya kaka wa pili, zizi, ghala, na hata kiota cha kuku. Yako iko wapi?

Ndugu yako,
Mungai


Karen
Alhamisi, 12 Oktoba 1972

Ndugu Mungai,

Binti hana nyumba katika boma la baba yake. Analala kwa bibi yake mpaka aolewe, na nyumba yake ni huko anakokwenda. Sikuisahau. Haipo.

Usinihurumie, huwa silii. Lakini ni kweli kwamba nimechora kwetu mara nyingi, na kila mara nikimaliza najiuliza mimi mwenyewe nimesimama wapi nikichora. Labda juu ya mti.

Mwambie Mama Nyakio aendelee kutunga. Nyuzi ninazo za kila rangi.

Peres


Ngara
Jumamosi, 21 Oktoba 1972

Dada Peres,

Vitambaa hivyo hapo, vyote viwili, vimekauka. Nimetumia marekani nyepesi. Nilichonga kwenye lino, ile ya kutandika sakafuni, nikapaka wino kwa rola, na kwa kuwa mashine ya kiwandani si yangu nikakanyaga kwa miguu. Mama alinikuta nacheza juu ya kitambaa katikati ya nyumba akauliza kama nimepata mke.

Wino umepenya hadi upande wa pili, ndiyo tabia ya marekani. Nyuma ukikutazama unaiona picha nzima. Natumaini haitakusumbua.

Kwenye maonyesho Mwalimu atatundika chako karibu na mlango, na changu kulia kwake, bila nafasi kati yao. Hilo nimemwomba mimi.

Mungai


Karen
Alhamisi, 26 Oktoba 1972

Ndugu Mungai,

Nilifungua kifurushi kwenye ngazi za ukumbi, nikakaa pale pale. Nimelinganisha chapa na mchoro wangu mstari kwa mstari, na imetoka kama nilivyochora, sawasawa kabisa. Nyumba ya Mama inaonekana kama ameingia ndani sasa hivi kuchukua kitu. Hata paa lake lililolalia upande mmoja hukulinyoosha.

Nitaanza na moshi wake. Moshi ni uzi mwembamba wa kijivu, unataka subira. Halafu kuku, halafu ua wa miti, halafu Odero na baiskeli yake. Nyumba yenu nayo nimeipenda, ni kama imeketi kitako. Mlango ulikuwa na rangi gani?

Na hii njia? Kutoka langoni petu kuna njia inakwenda kulia mpaka ukingoni mwa kitambaa. Mimi sikuchora njia. Nilikuomba usibadilishe kitu, nawe umebadilisha.

Peres


Ngara
Jumamosi, 28 Oktoba 1972

Peres,

Sikubadilisha, nimeongeza. Nyumba bila njia watu watafikaje? Ukichukia njia, ifunike kwa majani.

Mama anasema mlango haukuwa na rangi, ulikuwa mlango. Lakini ameangalia kile kipande cha karatasi nilichojaribia akasema, "Hii yako ni nzuri, lakini ng'ombe iko wapi? Watu wataona sisi ni maskini." Nikamwambia hatukuwa na ng'ombe. Akasema, "Huyo msichana ana uzi ya kahawia? Basi tulikuwa na ng'ombe."

Naomba ng'ombe mmoja. Akiweza kuwa mnene, amani itakuwa kubwa zaidi.

Mungai


Karen
Alhamisi, 16 Novemba 1972

Bwana Mungai,

Umeniharibia.

Wiki tatu nimetarizi, kila dakika mtoto akilala. Moshi umekwisha, kuku wamekwisha, ua umekwisha. Ng'ombe wa mama yako amekwisha, na ni mnene. Jana nikafika kwenye baiskeli ya Odero. Huwa anaiegemeza kwenye ukuta unaotazama zizi. Nikatafuta ukuta huo upande ninaoujua, sindano mkononi, nikaukosa. Zizi liko upande wa pili. Nikaangalia nyumba, nikaangalia lango, nikaweka sindano chini.

Mama akisimama mlangoni akitazama lango, simba ya mtoto mkubwa iko mkono wake wa kulia na ya mdogo kushoto. Hivyo ndivyo ilivyo, na hakuna mtu kwetu asiyejua. Kwenye chapa yako Odero yuko kushoto na Haron yuko kulia. Umemfanya Haron kuwa mkubwa. Baba yangu ataingia ukumbini, mtu ambaye hata kwenye picha ya shule anatafuta nani amesimama kulia kwa nani, na kitu cha kwanza atakachoona ni kwamba binti yake amekaa mjini mpaka amesahau kaka yake mkubwa ni nani. Nitapanda treni hiyo, na sitakuwa na la kujitetea.

Tena mimi nilikuchorea kinyume, makusudi. Ndivyo tunavyochora zile karatasi za kubandika mchoro kwa pasi: unachora kinyume ili kitambaani utoke sawa. Nilijua na chapa hugeuza. Nikakugeuzia mwenyewe usipate taabu, wewe uchonge tu ulichokiona. Hata hivyo umekosea.

Mbaya zaidi ni mimi niliyeandika kwamba imetoka sawasawa na mchoro wangu. Nilifurahi nikasahau kwamba mchoro wangu wenyewe ulikuwa kinyume.

Nimewaza kumwambia Mwalimu Rael anitoe kwenye maonyesho. Wiki mbili hazitoshi kuanza upya.

Peres Were


Ngara
Jumamosi, 18 Novemba 1972

Peres,

Nimesoma barua yako nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na sasa nacheka na Mwalimu Rael ananitazama vibaya. Nisamehe. Sikucheki wewe.

Unasema nilikosea. Nilichukua mchoro wako nikaubandika kwenye kioo cha dirisha, nikaufuata kwa kalamu upande wa nyuma, halafu ndio nikachonga. Hivyo ndivyo mpiga chapa hufanya: hugeuza kwanza. Nimefundishwa hivyo tangu nikiwa mfagiaji wa kiwanda, na mkono unafanya hata kichwa kikiwa kwingine. Basi wewe uligeuza ili unisaidie, nami nikageuza kwa sababu ndiyo kazi yangu. Kila mmoja amefanya kazi ya mwenzake bila kumwambia. Tumesaidiana mpaka tumeharibu.

Sasa sikiliza, na usimwambie Mwalimu akutoe. Geuza kitambaa.

Wino umepenya, nilikuambia. Nyuma kuna boma lile lile, limekaa inavyotakiwa, Odero kulia kwa mama yenu na Haron kushoto. Kinachobaki ni nyuzi zako. Upande wa nyuma wa kazi yako ukoje? Kama ni vichaka na mafundo, tutatafuta njia nyingine, na nitakanyaga vitambaa usiku na mchana. Kama ni safi, tumepona.

Jambo la mwisho. Ukigeuza chako, changu nacho kigeuzwe, na kitundikwe kushoto kwa chako, si kulia. Usiniulize kwa nini. Ni mambo ya chapa.

Mungai


Karen
Alhamisi, 23 Novemba 1972

Mungai,

Upande wa nyuma uko safi. Mama yangu ndiye aliyenifundisha kutarizi, na tangu nikiwa mdogo nikimpelekea kazi yangu hakuwahi kutazama mbele kwanza. Aligeuza. Akiona fundo moja alinirudishia bila kusema neno. Nilimchukia miaka miwili mizima kwa ajili ya mafundo. Leo ningemnunulia kanga.

Nimegeuza. Nimesimama mlangoni kwa Mama, Odero yuko kulia. Moshi kwa nyuma ni hafifu kidogo, na kusema kweli ni moshi zaidi kuliko ule wa mbele. Baiskeli nimeiegemeza kwenye ukuta wake. Nisamehe kwa barua ile. Nilikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu humshika aliye karibu.

Lakini umeniambia nisiulize, na mimi si mtu wa kuambiwa hivyo.

Nimevitandika vitambaa vyote viwili kitandani. Kwanza kama ulivyovipanga mwanzo, chako kulia kwa changu. Njia yetu ile, ambayo sikuichora, inatoka langoni inakwenda ukingoni mwa kulia. Nikatazama chako. Kwenye ukingo wa kushoto kuna njia inaingia, inapanda mpaka mlangoni kwenu, mlango usio na rangi. Nilikuwa nimeitarizia majani pembeni wiki nzima bila kuelewa. Nikavisogeza. Zikakutana, Mungai. Hazikupishana hata upana wa uzi.

Halafu nikageuza changu, na njia ikakimbilia kushoto, ikakuacha. Ndipo nikaelewa mambo ya chapa ni nini. Wewe umegeuza kwenu kuwe kinyume, ghala la mama yako upande usio wake, ili mimi nikigeuka nisikupotee.

Nimekaa kitandani nikacheka peke yangu mpaka mtoto akaja kuniuliza nina nini. Nimemwambia nina furaha. Ni kweli, nina furaha, na sitaki kuizungushia maneno.

Hujawahi kuniona. Je, kama mimi ni mzee mwenye meno matatu?

Peres


Ngara
Jumamosi, 25 Novemba 1972

Peres,

Kama ni matatu, Mama atakuambia uyatumie vizuri.

Nilichonga njia siku ile ile niliyosoma barua yako ya mti, kwamba hujui umesimama wapi. Nilitaka uwe na pa kupita. Sikuwa na ujasiri wa kuandika, lakini kisu ninacho, na kisu hakitetemeki.

Kuhusu kwetu kukaa kinyume usiwe na wasiwasi. Nyumba hiyo ilishahamishwa mara moja, kwa nguvu. Mara hii inahama kwa kupenda kwake.

Jumamosi ijayo, siku ya maonyesho, nitavaa koti la kijivu lenye doa la wino mfuko wa kulia. Au wa kushoto, ukinitazama wewe. Naona nimeshachanganyikiwa.

Mungai


Karen
Alhamisi, 7 Desemba 1972

Mungai wangu,

Sasa nakujua, na bado nakuandikia, kwa sababu mbele ya watu tulizungumza kuhusu chai tu. Ulisema ina moto. Nikasema ndiyo. Mwalimu Rael alituonea huruma akaenda kupanga vikombe.

Ulimwona Baba. Alisimama mbele ya kitambaa changu mikono nyuma, kama anakagua behewa. Nilijua anaangalia kulia kwa Mama. Kichwa chake kikaenda kwa Odero, kikaenda kwa Haron, kikarudi. Akaguna. Nikapumua. Halafu akafanya ambacho sikukiwazia hata kidogo: akashika pembe ya kitambaa akakifunua, atazame nyuma. Miaka thelathini ameishi na mama yangu, nami nikasahau kwamba amejifunza kwake. Huko nyuma kila kitu kilikuwa kinyume, Haron ndiye mkubwa. Niliona umeshika ukuta. Mimi nilishika mkono wa mama yako, ambaye nilikuwa namjua kwa nusu saa.

Mama Nyakio ndiye aliyetuokoa. Alimwambia, "Mzee, kama yako imegeuka, si uone yangu? Ghala yangu imehamia kwa jirani." Baba akamtazama, akatazama vitambaa vyote viwili, akauliza, "Na hii ng'ombe ni ya nani?" Mama yako akasema, "Ni yetu. Imetoka kwa huyu msichana wako." Ndipo Baba akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu siku alipostaafu.

Jumatatu nilimsindikiza stesheni. Sanduku langu nililibeba pia, limefungwa kamba, maana hakuwa ameniambia kama nabaki. Alipanda, akaweka kapu lake, akageuka akaniona na sanduku. Akasema, "Hilo unalipeleka wapi? Kazi utamwachia nani?" Basi. Treni ikaondoka. Nilirudi na moyo mwepesi na sanduku zito mkononi, nikiimba njia nzima.

Kitambaa changu amekichukua, ampelekee Mama. Alikikunja mwenyewe, mara nne, taratibu.

Wako,
Peres


Yala
Jumatatu, 18 Desemba 1972

Kwa kijana Mungai, mpiga chapa,

Hii ni barua ya Zedekiah Were, baba wa Peres. Anwani yako nimepewa na Mwalimu Rael. Macho yangu yanaendelea vizuri na miwani mipya ninayo, kwa hiyo naandika mwenyewe.

Nimekuandikia kukuarifu kwamba kitambaa kimefika salama. Mama Peres alikipokea, akakigeuza kwanza kama nilivyojua, akakagua nyuzi zote kwa kidole, akakosa fundo. Hakukirudisha. Kwake yeye hiyo ni sifa kubwa.

Nimemwonyesha Haron upande ambao yeye ni mkubwa. Amefurahi sana na ameomba tukitundike upande huo. Odero amekataa. Tumekubaliana kitundikwe upande wa Odero, na siku ya kuzaliwa ya Haron kitageuzwa.

Nilifanya kazi ya reli miaka thelathini na moja. Nimetandika njia nyingi, na njia naijua. Siku ile ukumbini niliiona yenu kabla sijaona kitu kingine chochote. Inatoka langoni kwangu, inapita ukingoni, inafika mlangoni kwenu, na hamkuacha pengo. Hata sisi tulikuwa tunaacha pengo dogo.

Sasa kitambaa cha pili hakiko hapa, na njia inaishia kwenye ukuta wa nyumba yangu. Jana Mama Peres aliweka kidole pale inapokatika akaniuliza njia hii inakwenda wapi. Nikamjibu inakwenda Kinoo. Akauliza kama ni ya kwenda tu, au watu wa Kinoo nao huitumia kuja. Nikamwambia njia ni ya kwenda na kurudi.

Akasema, kama ni hivyo, mbona hawajafika?

Nami nakuuliza hivyo hivyo. Njoo na mama yako. Ng'ombe wake mwache nyumbani, hapa tunao wa kutosha, na katika hao wamo nitakaowatoa zawadi warudi na mama yako.

Ni mimi,
Zedekiah Were